Kukadiria Gharama za Njia ya Vigari Iliyoinuliwa: Somo la Hesabu kwa Mfano wa Bukoba na Muleba

1. Utangulizi

Kila mradi wa ujenzi huanza na swali moja: utagharimu kiasi gani? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa haraka. Hutafutwa mradi wa namna hiyo uliokwisha kujengwa mahali pengine, bei yake hugawanywa kwa urefu wake, na kiasi kinachopatikana huzidishwa kwa urefu wa mradi mpya. Njia hii ni nyepesi, lakini imewapotosha wengi, maana bei ya kilometa moja hubeba ndani yake udongo, mvua, mizigo na umbali wa mahali ilikotoka.

Katika makala haya tutaonyesha njia nyingine, ambayo mwanafunzi wa sekondari anayejua hesabu za maeneo, ujazo na kipeo cha pili anaweza kuifuata. Njia hiyo ni kuhesabu kwanza wingi wa vitu vitakavyotumika, yaani zege, saruji na nondo, kisha kuvitia bei ya mahali vitakapotumika. Mfano wetu ni njia ya vigari vidogo iliyoinuliwa juu ya nguzo. Tutaiweka Bukoba kwa ajili ya zoezi tu. Si mradi uliopangwa na mtu yeyote. Mwishoni tutaona kwamba hesabu hiyo hiyo inafaa kwa jambo lililo karibu zaidi na maisha ya mwanafunzi wa Muleba, yaani daraja la waenda kwa miguu.

2. Njia ya vigari ni nini?

Ni usafiri wa vigari vidogo vinavyojiendesha bila dereva juu ya njia yao wenyewe, ambayo haikutani na barabara ya magari wala ya watu. Abiria huchagua kituo anachokwenda, na kigari humpeleka huko moja kwa moja bila kusimama vituo vya katikati. Kwa kuwa njia haipaswi kukutana na barabara, sehemu yake kubwa huinuliwa juu ya nguzo.

Mfano wa kale unaojulikana sana ni ule wa Morgantown, katika jimbo la West Virginia, Marekani, ulioanza kuchukua abiria mwaka 1975 ili kuunganisha sehemu za chuo kikuu na mji. Vigari vyake ni vikubwa kidogo: kila kimoja huchukua watu wapatao 20, na uzito wake kikiwa kitupu ni takriban tani 4. Mfano mwingine ulifunguliwa mwaka 2011 katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Huko vigari vilikuwa 21, kila kimoja kikichukua watu wanne, na uzito wa kigari pamoja na abiria wake ulikuwa takriban kilogramu 1,300. Njia yote ilikuwa na urefu wa kilometa 3.8, na mradi mzima uligharimu takriban pauni milioni 30.

Tulinganishe uzito huo na mizigo ya barabarani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kuwa na uzito usiozidi tani 56. Kwa hiyo lori moja la namna hiyo lina uzito wa vigari 43 vya Heathrow. Hapa ndipo inapotoka hoja ya watetezi wa usafiri huu: kigari ni chepesi, basi njia yake itakuwa nyembamba na rahisi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini tuipime kwa hesabu kabla ya kuikubali.

3. Mzigo: nani anabeba nani?

Tuanze na mzigo wa vigari. Hali mbaya kuliko zote si ile ya vigari kukimbia, bali ni vigari kusimama kwa foleni, kimoja nyuma ya kingine. Kigari cha aina ya Heathrow kina urefu wa meta 3.7. Tukigawanya kilogramu 1,300 kwa meta 3.7 tunapata takriban kilogramu 350 kwa kila meta ya njia.

Sasa tuangalie njia yenyewe. Kwa ajili ya somo hili tutachukua muundo rahisi:

(a) Sakafu ya zege yenye upana wa meta 2.0 na unene wa meta 0.15. Ujazo wake ni 2.0 × 0.15 = 0.30, yaani meta za ujazo 0.30 kwa kila meta ya njia.

(b) Boriti mbili chini ya sakafu, kila moja ikiwa na upana wa meta 0.3. Kimo cha boriti hutegemea nafasi kati ya nguzo na nguzo. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana kwa boriti za zege ni kwamba kimo kiwe sehemu moja ya kumi na tano ya nafasi hiyo. Tukiita nafasi hiyo N, ujazo wa boriti mbili ni 2 × 0.3 × N/15 = 0.04N kwa kila meta ya njia.

Nguzo zikiwa meta 12 kutoka moja hadi nyingine, zege la sakafu na boriti ni 0.30 + 0.48 = 0.78, yaani meta za ujazo 0.78 kwa kila meta. Meta moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa takriban kilogramu 2,400. Basi uzito wa njia yenyewe ni 0.78 × 2,400, yaani takriban kilogramu 1,870 kwa kila meta.

Msomaji alinganishe namba hizo mbili: vigari ni kilogramu 350, na njia ni kilogramu 1,870. Kazi kubwa ya nguzo hizi si kubeba abiria. Ni kubeba zege linalobeba abiria. Kigari kikipunguzwa uzito hadi nusu, mzigo wote utapungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Faida ya kigari chepesi huonekana pale tu ambapo mhandisi anautumia wepesi huo kupunguza zege au kuweka boriti za chuma. Njia ikijengwa nzito kama ya malori, wepesi wa kigari haumsaidii mlipaji hata senti moja.

4. Gharama mbili zinazovutana

Iko sababu ya kuongeza boriti unene kadiri nguzo zinavyoachana. Katika fizikia tunajifunza kwamba boriti iliyoegemea ncha zake mbili, na iliyobeba mzigo uliotawanyika sawasawa, hupata momenti kubwa ya kupinda katikati, ambayo ni wN²/8, ambapo w ni mzigo wa kila meta. Nafasi ikiongezeka maradufu, momenti huongezeka mara nne. Kwa hiyo nguzo zinazoachana sana hudai boriti nene, na boriti nene ni ghali.

Kwa upande mwingine, nguzo zilizo karibu karibu ni nyingi, na kila nguzo ina msingi wake. Tuhesabu zege la nguzo moja kwenye ardhi imara:

Nguzo: 0.6 × 0.6 × 6.0 = 2.16
Kichwa cha nguzo: 2.0 × 0.6 × 0.6 = 0.72
Kitako cha msingi: 2.5 × 2.5 × 0.6 = 3.75
Jumla: takriban meta za ujazo 6.6

Kimo cha meta 6 kimechaguliwa ili malori yaweze kupita chini bila kugusa. Zege hili la nguzo moja linahudumia urefu wa N. Kwa hiyo kila meta ya njia inabeba 6.6/N. Basi zege lote kwa kila meta, ambalo tutaliita G, ni:

G = 0.30 + 0.04N + 6.6/N

Kipande cha kwanza hakibadiliki. Cha pili hukua N inapokua, na cha tatu hupungua. Tukitia thamani mbalimbali za N tunapata jedwali hili:

N = meta 8: G = 1.45
N = meta 10: G = 1.36
N = meta 13: G = 1.33
N = meta 16: G = 1.35
N = meta 20: G = 1.43
N = meta 30: G = 1.72

Nafasi iliyo bora ni karibu na meta 13. Mwanafunzi wa kidato cha tano atathibitisha jambo hili kwa kalkulasi. Lakini hata asiyejua kalkulasi anaweza kulithibitisha kwa aljebra. Tuandike a = 0.04 na b = 6.6. Kipeo cha pili cha namba yoyote hakiwi chini ya sifuri, kwa hiyo

(√(aN) − √(b/N))² ≥ 0

Tukifungua mabano tunapata aN + b/N ≥ 2√(ab). Kiasi kidogo kabisa hupatikana pale vipande viwili vinapolingana, yaani aN = b/N, au N = √(b/a). Kwa namba zetu, N = √(6.6/0.04) = √165 = meta 12.8. Hii ndiyo kanuni wahandisi wa madaraja waliyoitumia tangu zamani: njia iliyo nafuu ni ile ambayo gharama ya boriti imelingana na gharama ya nguzo na misingi yake.

Jedwali linatufundisha jambo la pili, ambalo wanafunzi wengi hulisahau wakishapata jibu. Kati ya meta 10 na meta 16 tofauti ya zege haifiki hata sehemu tatu kwa mia. Bonde la mchoro wetu ni pana na la taratibu. Kwa hiyo mhandisi hana haja ya kung'ang'ania meta 12.8. Anaweza kusogeza nguzo ili isikae katikati ya mto, isizibe barabara, au isiangukie kibanja cha mtu chenye migomba na kahawa, na hasara yake itakuwa ndogo. Mtu akiambiwa kwamba nguzo haiwezi kusogezwa hata meta mbili kwa sababu ya gharama, ana haki ya kuomba aonyeshwe hesabu.

5. Ardhi ya Bukoba na Muleba

Mpaka hapa tumedhani kwamba ardhi ni imara. Kagera ina sura mbili za ardhi, na kila moja ina bei yake.

Sura ya kwanza ni ya miamba. Mji wa Bukoba umekaa ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na nyuma yake unapanda mteremko wa mwamba wa mchanga. Mwamba huu ni wa kale sana, na wanajiolojia wameupa kundi lake la miamba jina linalotokana na Bukoba yenyewe. Juu ya migongo ya vilima, Bukoba na Muleba vilevile, ndiko viliko vijiji, vibanja na mbuga za nyasi ziitwazo rweya. Penye mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, kitako cha zege kama kile tulichokihesabu hutosha.

Sura ya pili ni ya mabonde. Kati ya mgongo mmoja na mwingine maji hutuama, na udongo ni tope na mabaki ya majani yaliyooza. Udongo wa namna hii hubonyea ukitwishwa mzigo, na kitako cha kawaida hudidimia. Hapo huna budi kushusha nguzo za msingi mpaka zifike kwenye tabaka gumu. Tuseme kila nguzo inahitaji nguzo nne za msingi, kila moja ikiwa na kipenyo cha meta 0.4 na kina cha meta 12. Ujazo wake ni 4 × 3.14 × 0.2 × 0.2 × 12, yaani meta za ujazo 6.0. Sasa b inakuwa 6.6 + 6.0 = 12.6, na hesabu inabadilika:

N = √(12.6/0.04) = √315 = takriban meta 18
G = 0.30 + 0.72 + 0.70 = 1.72

Yaani njia ile ile, yenye vigari vile vile, inakula zege zaidi kwa sehemu 29 kwa mia kwa sababu tu imeingia bondeni. Nafasi bora ya nguzo nayo imetoka meta 13 hadi 18: penye misingi ghali tunapunguza idadi ya nguzo na kukubali boriti nene. Na bado hatujahesabu mashine ya kushusha nguzo za msingi, ambayo lazima iletwe kutoka mbali hata kama kazi yake ni ya wiki chache.

Mambo mengine mawili ya Kagera hayana budi kuingia katika kadirio.

La kwanza ni mvua. Bukoba hupata takriban milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka, ambayo ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa nchini Tanzania. Mashimo ya misingi hujaa maji, barabara za muda hugeuka tope, na siku za kumimina zege hupungua, hasa katika masika. Anayechukua idadi ya siku za kazi za Dodoma na kuitumia Bukoba atakosea tangu mwanzo.

La pili ni tetemeko la ardhi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Tetemeko huisukuma njia kwa ubavu, na nguvu hiyo hukua pamoja na uzito wa njia. Tuchukue, kwa zoezi, kwamba nguvu ya ubavu ni sehemu moja ya kumi ya uzito. Kwa nafasi ya meta 13, zege la sakafu na boriti ni 0.82 × 13 = 10.7, yaani tani 25.6. Nguvu ya ubavu ni tani 2.56, nayo inasukuma kwenye kimo cha meta 6. Momenti chini ya nguzo ni takriban tani-meta 15.4. Uzito wote unaoshuka kwenye msingi, pamoja na nguzo yenyewe, ni takriban tani 41.4. Tukigawanya 15.4 kwa 41.4 tunaona kwamba mzigo umesogea meta 0.37 kutoka katikati ya kitako. Kanuni inasema kitako hakitainuka upande mmoja ikiwa msogeo huo hauzidi sehemu moja ya sita ya upana wake, yaani 2.5/6 = meta 0.42. Msingi wetu umesalimika, lakini kwa nafasi finyu. Laiti tungepunguza kitako hadi meta 2.0 ili kuokoa saruji, usingesalimika.

6. Kutoka zege hadi shilingi

Tuchukue sasa njia ya zoezi yenye kilometa 4, kutoka ufukweni Bukoba kupanda kuelekea upande wa Rwamishenye. Tuseme kilometa 3 ziko kwenye ardhi imara na kilometa 1 iko kwenye tope. Zege linalohitajika ni:

3,000 × 1.33 = 3,990
1,000 × 1.72 = 1,720
Jumla: meta za ujazo 5,710

Zege la kazi ya namna hii hutumia takriban mifuko 7 ya saruji ya kilogramu 50 kwa kila meta ya ujazo. Hiyo ni mifuko takriban 40,000, au tani 2,000. Tukikadiria kilogramu 120 za nondo kwa kila meta ya ujazo, tunahitaji tani 685 za nondo. Mchanga na kokoto, ukiondoa maji na saruji, vitakuwa zaidi ya tani 10,000.

Hapa umbali unaanza kusema. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni takriban kilometa 1,400, na viwanda vya saruji vya Wazo, Tanga na Songwe vyote viko mbali na Kagera. Tani 2,000 za saruji ni safari 67 za lori linalobeba tani 30. Kwa kokoto jambo ni kinyume: uzito wake ni mara tano ya saruji, lakini mwamba uko karibu. Lazima tu upimwe maabara kwanza, kwa sababu si kila mwamba wa mchanga unafaa kwa zege. Ulio laini au unaonyonya maji mengi hudhoofisha kazi yote.

Kwa hiyo mwanafunzi asiandike bei ya saruji aliyoisoma gazetini. Aulize bei dukani Bukoba au Muleba, aizidishe kwa mifuko, na aandike tarehe aliyouliza. Wingi wa mifuko utabaki ule ule miaka mingi. Bei itabadilika mwezi ujao. Hii ndiyo faida kubwa ya kukadiria kwa wingi wa vitu: bei ikipanda, hubadilisha safu moja tu ya hesabu.

Aidha, asisahau kwamba zege ni sehemu moja tu. Ziko mbao za kumiminia zege, ujira wa mafundi, mashine, vituo, ngazi, umeme, vigari vyenyewe, mitambo ya kuviongoza, na fidia kwa wenye ardhi. Na ikiwa vigari vinatakiwa kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, zinahitajika njia mbili.

7. Hatari ya bei ya kuazima

Tujaribu sasa ile njia ya haraka tuliyoitaja mwanzoni, ili tuone inatupeleka wapi. Daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lina urefu wa kilometa 3 na upana wa meta 28.45, nalo liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Tukigawanya, tunapata takriban shilingi milioni 8.2 kwa kila meta ya mraba. Njia yetu ya zoezi ina upana wa meta 2 na urefu wa meta 4,000, yaani meta za mraba 8,000. Tukizidisha, tunapata shilingi bilioni 65.6.

Hesabu hiyo ya kuzidisha haina kosa, lakini jibu lake halina maana. Daraja lile linabeba malori ya tani 56. Misingi yake imeshushwa ndani ya maji na matope ya ziwa. Nafasi za katikati zimeachwa pana ili vyombo vya majini vipite. Njia yetu haina hata moja kati ya hayo. Kwa upande mwingine, bei ya daraja haina vigari, wala vituo, wala mitambo ya kuongoza. Jibu limekuwa kubwa mno kwa sababu moja na dogo mno kwa sababu nyingine, na hakuna awezaye kusema ni ipi iliyoshinda.

Bei ya Heathrow nayo ni ya kutahadhari. Pauni milioni 30 kwa kilometa 3.8 ni karibu pauni milioni 8 kwa kilometa. Lakini hizo ni pamoja na vigari, vituo na mitambo, katika nchi yenye ujira wake na viwanda vyake.

Morgantown inatufundisha zaidi. Kadirio la kwanza lilikuwa kati ya dola milioni 15 na milioni 20. Njia ilipofunguliwa mwaka 1975, zaidi ya dola milioni 60 zilikuwa zimetumika. Kazi iliharakishwa ili kuwe na kitu cha kuonyesha kabla ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1972. Njia ilianza kujengwa kabla vigari havijakamilika kubuniwa. Kwa hiyo wahandisi, wasiojua uzito halisi watakaoubeba, waliijenga nzito kuliko ilivyohitajika. Isitoshe, ilibidi kuweka mabomba ya kupasha njia joto ili theluji isigande juu yake. Bukoba haina theluji. Anayeazima bei ya Morgantown bila kuichambua anailipia theluji ambayo hajapata kuiona.

Wala Morgantown si ya pekee. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg na wenzake wawili wa Denmark walichapisha uchunguzi wa miradi 258 ya usafirishaji katika nchi 20. Katika kila miradi 10, karibu 9 iligharimu zaidi ya kadirio. Kwa wastani, reli zilizidi kwa sehemu 45 kwa mia, madaraja makubwa na mahandaki kwa 34, na barabara kwa 20. Laiti makosa haya yangekuwa ya bahati tu, nusu ya miradi ingezidi kadirio na nusu ingepungua. Makosa yanayoelekea upande mmoja daima yana sababu zake, na mojawapo ni kwamba anayeutaka mradi ndiye mara nyingi anayeukadiria. Kwa hiyo kadirio lolote la njia kama hii lipewe akiba ya kutosha, na akiba hiyo iandikwe waziwazi, isifichwe ndani ya bei.

8. Daraja la miguu la Muleba

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanatufaa nini, sisi ambao hatutajenga njia ya vigari? Jibu liko bondeni. Wilaya ya Muleba ina migongo na mabonde mengi, na pengine kijiji kiko mgongo mmoja na shule iko mgongo wa pili. Mvua ikinyesha, kijito cha katikati hufurika. Daraja la miguu la hapo ni njia iliyoinuliwa, na kanuni ya G = d + aN + b/N inalihusu vilevile.

Kuna jambo moja la kushangaza la kuzingatia. Wahandisi hukadiria umati wa watu waliosongamana kuwa hadi kilogramu 500 kwa kila meta ya mraba. Daraja lenye upana wa meta 1.5 tu linaweza basi kubeba kilogramu 750 kwa kila meta, ambao ni zaidi ya mara mbili ya mzigo wa foleni ya vigari vyetu. Wanafunzi wanaosongamana darajani kutazama mafuriko ni mzigo mzito kuliko mitambo ya Heathrow. Asiyeijua namba hiyo anaweza kujenga daraja la bei nafuu linalostahimili mpita njia mmoja mmoja, kisha likavunjika siku lilipohitajika zaidi.

Kwa hiyo kamati ya kijiji inapoletewa kadirio la daraja, iulize maswali manne. Limehesabiwa kwa mzigo gani? Udongo wa chini umechimbwa na kutazamwa hadi kina gani? Kwa nini nguzo ni ngapi na si pungufu au zaidi? Na bei hizi ni za duka gani, za tarehe gani? Kadirio linaloweza kuyajibu maswali hayo linaweza kuaminiwa hata kama bei yake ni kubwa. Lisiloweza kuyajibu ni la kukisia, hata likiwa limepigwa chapa na kutiwa muhuri.

9. Mazoezi

(1) Tafuta G kwa N = meta 25 kwenye ardhi imara.

(2) Nguzo za msingi za bondeni zikihitaji kina cha meta 20 badala ya 12, tafuta nafasi bora ya nguzo na G yake.

(3) Njia ikivuka korongo ambako nguzo zinahitaji kimo cha meta 12 kwenye ardhi imara, nafasi bora ni meta ngapi? Eleza kwa nini imeongezeka.

(4) Kazi ya vikundi: pimeni upana wa kijito kilicho karibu na shule yenu, ulizeni bei ya saruji, nondo na lori moja la kokoto mahali penu, kisha kadirieni daraja la miguu lenye upana wa meta 1.5. Kila kikundi kifanye peke yake, na mwalimu alinganishe majibu. Yakitofautiana, tafuteni ni dhana ipi iliyoleta tofauti.

Majibu: (1) 1.56. (2) Takriban meta 20; G = 1.93. (3) Takriban meta 15. Kila nguzo imekuwa ghali zaidi, kwa hiyo inafaa kuzipunguza. (4) Hakuna jibu moja. Jibu zuri ni lile ambalo kikundi kingine kinaweza kulifuata hatua kwa hatua na kulipata tena.